Hamu ya tamu: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Nyumbani kwetu Majengo, baada ya sala ya alasiri birika lilitengwa, chai ikachemka na maziwa na iliki, na mama akatia sukari humo humo birikani kabla ya kumimina. Hakuna aliyeulizwa anataka vijiko vingapi. Nimefika utu uzima bila kujua chai isiyo na sukari ina ladha gani. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba anayeshindwa kuacha tamu ni mlafi, siwezi kukubaliana naye. Mara nyingi hamu hiyo ni desturi ya nyumba nzima, na mtu hulelewa nayo.

Miaka kadhaa baadaye mama aligunduliwa kuwa na kisukari, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na shauri lake. Wote walimtakia heri. Mengi ya waliyoyasema hayakuwa sahihi.

"Mwili ukitaka tamu, umepungukiwa na sukari."

Hili ndilo nililolisikia zaidi. Kwa mtu mzima wa afya si kweli. Wali, mihogo, mahamri na ugali vyote huishia kuwa sukari ndani ya damu, na ini huweka akiba ya kutoa pale chakula kinapochelewa. Hamu ya saa kumi huja kwa sababu ni saa kumi, na mwili umezoea kupewa kitu saa hiyo. Huzidi ukiwa na njaa, kwa mfano ulipokunywa chai kavu asubuhi na kuruka cha mchana, na huzidi pia ukikosa usingizi, maana usiku wa kukesha huvuruga homoni za njaa na shibe. Nilipoanza kula mbaazi au mayai asubuhi badala ya mahamri peke yake, alasiri yangu ilitulia.

Hapa pana jambo moja la kushika sana. Mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, hiyo si hamu. Sukari imeshuka. Apewe mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, au soda ya kawaida. Akiwa amezimia, usimtie chochote kinywani, mkimbize hospitali.

"Asali na sukari guru hazina neno, ni za asili."

Asali ni sukari kwa kiasi cha asilimia 80, na sukari ya kahawia haipishani na nyeupe kwa jambo la maana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliihesabu asali na juisi ya matunda pamoja na sukari ya kopo. Lilishauri zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu, siku imekwisha, na kaimati bado haijaguswa.

Juisi ya miwa nayo ni hivyo hivyo, hata ikikamuliwa mbele ya macho yako na ndimu na tangawizi. Jaribu kuutafuna muwa wenyewe: taya zitachoka kabla hujafika mbali. Mashine haichoki, na makapi hubaki nyuma yake. Tende ni afadhali kwa kuwa unaila nzima na nyuzi zake, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Tatu za kufturu zinatosha.

"Kahawa chungu inakata sukari."

Wazee wa barazani huamini hivi kwa dhati: unakula kashata, unateremsha kikombe cha kahawa kutoka kwenye dele, mambo yamesawazika. Ulimi ndio unaosawazika. Kashata imeshaingia tumboni na itafika kwenye damu kama kawaida. Walimletea mama mwarobaini kwa hoja hiyo hiyo, na mmoja akamwambia aache vidonge vyake. Nakuomba, ukisikia shauri la aina hiyo, lipeleke kwa daktari kabla hujalifuata. Uchungu mdomoni haufuti kitu.

"Mabuyu ni tunda tu."

Ubuyu wenyewe ni mchachu, una vitamini C na nyuzi nyingi. Lakini angalia yanavyopikwa: sukari inachemshwa mpaka iwe shira nzito, inatiwa rangi nyekundu, ndipo mbegu zinamwagwa na kukorogwa hadi kila moja ivae koti. Mtoto anayeyafyonza njia nzima kutoka madrasa ameyaogesha meno yake sukari saa nzima. Hilo la meno ndilo la kuhangaikia. Kwamba sukari huwapandisha watoto wazimu, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 1995 haukuona ushahidi wake.

"Tia vidonge vya utamu badala yake, utapungua."

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitegemewe kwa kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu ambao tayari wana kisukari. Hao waulize kliniki. Mimi naona ubaya wake mwingine: ulimi unabaki pale pale, ukitaka utamu ule ule.

"Uache mara moja, au usijisumbue."

Ulimi hufundishika, ila kwa wiki kadhaa. Sisi tulianza kwa kuitoa sukari birikani na kuiweka mezani, kila mtu ajitilie. Hatua hiyo moja ilipunguza zaidi ya mahubiri yote, maana mtu akijitilia huona. Mimi nilikuwa wa vijiko vitatu; nikakaa na viwili na nusu wiki mbili, kisha viwili, kisha kimoja. Iliki na mdalasini viliongezwa ili chai isipoe ladha. Soda iliondoka nyumbani kabisa, kwa kuwa chupa moja ya mililita 300 hubeba kama vijiko 8.

Idd bado tunanunua haluwa. Mama hujikatia kipande kama kidole gumba, hukila taratibu na kahawa yake, kisha sahani hurudishwa jikoni kabla wageni wengine hawajabisha hodi.