Viwanda endelevu na matumizi ya kuwajibika: maana yake ukiwa Mufindi

Kiwanda endelevu ni kile kinachotengeneza bidhaa leo bila kumaliza kile kitakachokihitaji kesho: miti, maji, udongo na afya ya watu wanaokizunguka. Matumizi ya kuwajibika ni upande wa mnunuzi katika biashara hiyohiyo, yaani kujua bidhaa imetoka wapi, itadumu muda gani na ikichakaa itaishia wapi. Yote mawili yamo katika Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ambayo Umoja wa Mataifa uliyapitisha Septemba 2015 ili yafikiwe ifikapo 2030. Lengo la 9 linahusu viwanda, la 12 linahusu uzalishaji na matumizi.

Wengi wakisikia haya hudhani ni mambo ya nchi tajiri, ambako watu hutupa chakula na kubadilisha simu kila mara. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wapo wengi ambao bado hawajapata hata cha kutosha, na kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze matumizi ni kumkosea heshima. Kwetu swali ni jingine: mti mmoja, mfuko mmoja wa mbolea, ndoo moja ya maji vimewafaa watu kiasi gani kabla ya kuisha, na nani kaachiwa uchafu?

Tuchukue paini. Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ndiyo yenye shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kando yake wananchi nao wamepanda, huyu ekari mbili, yule mia. Paini ya serikali kwa kawaida huvunwa ikiwa na miaka 18 au zaidi. Ya mwananchi mara nyingi haifiki huko. Ada ya shule ikidaiwa au mgonjwa akilazwa, shamba la miaka kumi linauzwa miti ikiwa imesimama, mnunuzi anakuja na dingdong yake, na upasuaji unaanzia hapohapo shambani.

Dingdong ni mashine ndogo ya kuhamishika yenye msumeno wa duara. Imewapa vijana wengi ajira, na mimi siungi mkono wanaotaka ipigwe marufuku bila kuwapa vijana hao njia nyingine. Lakini msumeno wake ni mnene. Kila ukipita, sehemu ya gogo inageuka maranda, na gogo la mti mchanga ni jembamba, kwa hiyo mabanzi, yaani vipande vya pembeni vyenye gome, huwa mengi. Mara nyingi kinachotoka kikiwa mbao ni chini ya nusu ya gogo. Na mbao yenyewe ni nyepesi, hupinda ikikauka, hupasuka ikipigwa msumari. Nyumba iliyoezekwa kwa mbao hizo itamwita fundi tena mapema, na paa lilelile litadai miti mingine. Mwenye shamba alivuna kwa shida, mnunuzi alikimbilia bei ya chini, na msitu ndio ulioilipa tofauti.

Njia bora zaidi ipo, tena jirani tu. Pale Kibena, Njombe, kampuni ya TANWAT ilianza mwaka 1949 ikiwa na miti ya miwati, ambayo magome yake hutoa tanini ya kusindika ngozi. Mwati ukishavuliwa gome, mti unaobaki ni mzigo mkubwa wa kuni. Tangu miaka ya 1990 kampuni hiyo imekuwa na mtambo wa umeme wa takriban megawati 2.5 unaochoma mabaki ya miti, ukaendesha shughuli za kiwanda na ziada ikauzwa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Mwekezaji mdogo wa Mafinga, mji wa hapa Mufindi, hana mtaji wa mtambo kama huo, ila wazo analielewa. Maranda yanatandazwa kwenye mabanda ya kuku na kushindiliwa kwenye majiko ya maranda. Mabanzi yanakuwa uzio, vibanda na kuni za kuchomea matofali. Yanayobaki huchomwa shambani, na kiangazi moto huo huweza kuvuka hadi kwenye miti ya jirani.

Hapa kuna jambo moja linaloniumiza. Mbao zenye dawa, zile za rangi ya kijani, aghalabu huwa zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Mafundi wakimaliza kuezeka, vipande vinavyobaki huokotwa vikapelekwa jikoni. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu pia. Visipikiwe, na majivu yake yasimwagwe bustanini. Aliyeuza mbao hizo alipaswa kumweleza mnunuzi jambo hili siku ya kwanza.

Janga la korona nalo lina funzo lake katika hili. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza 16 Machi 2020. Shule zilifungwa kwa miezi kadhaa, ila watu hawakufungiwa ndani kama nchi nyingine. Mafundi cherehani wa Iringa na Mbeya walishona barakoa za vitambaa, za kufua na kuvaa tena. Mafundi wa kuchomelea wakatengeneza vifaa vya kunawia mikono vya kukanyaga kwa mguu. Barakoa ya hospitali inakinga vizuri zaidi, hilo lieleweke. Hata hivyo tuliona kwamba bidhaa zikichelewa kutoka ng'ambo, mikono ya kutengeneza vingi vya muhimu ipo hapahapa.

Kisha zikaja fedha. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili athari za UVIKO-19 (korona), zikawa Sh trilioni 1.3 kwa ajili ya mpango wa ustawi na mapambano dhidi ya ugonjwa huo. Sehemu yake ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, na kwa muda mfupi sana. Watoto waliyahitaji madarasa hayo. Lakini kila darasa lina mbao za paa, yaani kenchi na papi, na lina madawati. Haraka ya namna hiyo ikikutana na soko lenye mbao changa, mbao changa ndizo zitakazonunuliwa. Hivyo ndivyo juhudi za kufufua uchumi baada ya janga zinavyoweza kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kasoro kama hiyo iko kwenye mifuko. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza 1 Juni 2019, na ilikuwa hatua sahihi kabisa. Watu wakahamia mifuko ya kaki. Karatasi ya kaki inatengenezwa Mgololo, Mufindi, kwa mti. Mfuko huo unaoza, lakini ukitupwa baada ya safari moja ya sokoni, tumehamisha tatizo kutoka mtaroni kwenda msituni. Kikapu cha milulu cha akina mama wa Iringa kinabeba viazi miaka na miaka.

Maji nayo yana hesabu yake. Mikaratusi hunywa maji mengi, na ikipandwa kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, chemchemi hupungua. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji. Vijito vingi vya milima yetu na maji ya mashamba ya mpunga ya Mbarali vinaishia Ruaha Mkuu, mto unaojaza mabwawa ya kufua umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo mwenye kiwanda Dar es Salaam anayetegemea umeme huo ana deni kwa mkulima wa huku anayetunza bonde.

Nani aanze? Kwa maoni yangu, mnunuzi mkubwa kuliko wote, yaani serikali na halmashauri zake. Zabuni ya darasa au zahanati ikitaja kwamba mbao ziwe za mti uliokomaa, zimekaushwa na kupangwa kwa madaraja, na mkaguzi akazikataa zisizofaa, mwenye shamba ataona faida ya kusubiri. Kusubiri nako kunahitaji mkopo wa ada ya mtoto unaodhaminiwa na miti iliyosimama, ulipwe siku ya mavuno. Vyama vya wakulima wa miti tayari vipo Mufindi na Njombe. Benki zinaweza kuanza kuzungumza navyo.