Huyo AG mnayemwandikia hafuti kesi ya jinai

Naomba tulimalize hili leo. Ndugu yako yuko mahabusu gereza la Kisongo, Arusha, kila baada ya siku 14 kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika. Mjomba mmoja anasimama kwenye kikao cha ukoo: tumwandikie Mwanasheria Mkuu wa Serikali (AG), ndiye mkubwa wa waendesha mashtaka wote. Ukimbishia anakutajia Feleshi. "Si alikuwa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, wakampandisha akawa AG?"

Hakupandishwa. Eliezer Feleshi alikuwa DPP kuanzia 2008 hadi 2014, akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu, akafika Jaji Kiongozi, na 2021 ndipo akawa Mwanasheria Mkuu, hadi 2024. Kinachosahaulika ni kilichotokea katikati, yeye akiwa jaji.

Enzi zake za u-DPP, mashtaka yalikuwa idara ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Katiba ilishampa DPP ibara yake, 59B, kwa marekebisho ya 2005: awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria, na maslahi ya umma. Uhuru mzuri, ila ulikuwa umepanga chumba kwa mtu. Februari 2018 nyumba ikagawanywa mara tatu. AG akabaki na ushauri na uandishi wa sheria, kesi za madai na usuluhishi zikaenda kwa Wakili Mkuu wa Serikali, mashtaka yakawa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Feleshi aliporudi 2021 alikalia kiti cha mwenye nyumba, mpangaji ameshahama na vyombo vyake.

Filamu za Marekani nazo zimetuharibu. Kule AG ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria, na waendesha mashtaka wa shirikisho wako chini yake. Gambia AG huwa pia Waziri wa Sheria. Fatou Bensouda alipanda kutoka uendesha mashtaka hadi cheo hicho mwaka 1998, kisha akaja hapa Arusha kwenye Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale kituo cha mikutano cha AICC, kama mwanasheria wa upande wa mashtaka. Cheo hakikupanda naye ndege.

Anayeweza kuiondoa kesi ya jinai wakati wowote kabla ya hukumu ni DPP, kwa kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ambacho wengi wetu tunakiita 91 tu. Wakili wa Serikali anasimama, anasema Jamhuri haina nia ya kuendelea, mshtakiwa anaachiwa. Sababu hatakiwi kuitoa. Na kuachiwa huko si kushinda: anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale, kwa hiyo msichinje mbuzi siku hiyohiyo.

Barua basi iende kwa DPP, kupitia ofisi ya mashtaka ya mkoa. Andika namba ya kesi, mahakama, jina kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka (si lile la nyumbani), tarehe ya kutajwa, na hoja moja au mbili zinazogusa ushahidi. "Ana watoto wadogo" si hoja ya ushahidi. "Mlalamikaji amesamehe" inasaidia kiasi, lakini kesi ni ya Jamhuri, si ya mlalamikaji.

Je, 59B inafanya kazi kama ilivyoandikwa? Hapa nasita. DPP na AG wote wanateuliwa na Rais, watu ni walewale wanaozunguka ofisi hizi, na "maslahi ya umma" hayana rula ya kuyapima. Ukuta upo kwenye karatasi. Unene wake sijui.

AG mnamhitaji kwingine, na huko ndiko mnakomsahau. Halmashauri ikimega kiwanja chako, unatoa notisi ya siku 90 kwa halmashauri yenyewe, nakala kwa AG na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku zikiisha unafungua Mahakama Kuu, kanda ya Arusha au Moshi kutegemea kiwanja kiko wapi, na AG lazima awe mdaiwa. Tangu marekebisho ya 2020, ukimwacha nje shauri linabatilika.