Jamani, kusimama si kukubali

Juzi tukipeana zamu, mwenzangu alisoma faili la mgonjwa akacheka puani: "Sista, huyu anasema alimwaga. Sasa alibakwa vipi?" Swali hilo nimelisikia kwa wauguzi, polisi, hata kwa daktari mmoja. Naandika leo nisije nikamrushia mtu bakuli la chuma.

Haya. Kusimama kwa uume huamriwa pia na neva za sehemu ya chini ya uti wa mgongo, bila kupitia kwenye ubongo kuomba ruhusa. Mgonjwa aliyevunjika uti, asiyehisi lolote kiunoni kushuka, anaweza kusimamisha ukimwekea katheta, ule mpira wa kutolea mkojo. Nani amewahi kusema anaitamani katheta? Tezi dume nayo ikikandamizwa, shahawa zinaweza kutoka. Ukikata kitunguu unatoa machozi, wala hujafiwa.

Nang'ang'ania hapa kwa sababu hilo swali mwanamume huwa ameshajiuliza kabla hajafika kwetu. Huja na hadithi ya bawasiri. Hukalia tako moja ukingoni mwa kiti, zipu ya jaketi hadi kidevuni, jicho mlangoni. Kicheko kimoja tu, humwoni tena, na saa 72 za kuanzisha PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, zinayoyoma.

Mengine mnayajua: kipimo cha HIV, PEP siku 28, chanjo ya homa ya ini B, pepopunda akiwa na jeraha, dawa za magonjwa ya zinaa. Omba ruhusa kila unapotaka kumgusa. Sahihi ya mwanzo haitoshi. Kukosa michubuko si ushahidi kwamba anadanganya. Fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, ikikuuliza hedhi ya mwisho, piga mstari kimyakimya, usimsomee! Na anayebisha kwamba mwanamume habakwi afungue Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 3. Anayebakwa pale ni "mtu mwingine", basi.

Ninapobabaika ni hapa: nimweleze habari ya kusimama bila kuulizwa, au ningoje? Mmoja nilimweleza, akanyamaza hadi alipoondoka. Mwingine nilimngoja; aliuliza wiki ya sita, aliporudia kipimo, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Wiki sita nzima alikuwa nalo! Siku hizi husema, "Kuna jambo wanaume wengi huniuliza," kisha naendelea kuhesabu vidonge. Wengine huinua kichwa. Mmoja aliomba nimwitie muuguzi wa kiume, nikamwita.