Kile kiuwanja cha ndama karibu na banda ndo kinawamaliza

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu, na watu watatu tofauti: "Daktari, ndama wangu hawawezi kuwa na minyoo, hawachanganyiki na ng'ombe wakubwa, wana kiuwanja chao." Jamani nimechoka. Maana ukienda kukiona hicho kiuwanja unakuta ni kilekile walicholishiwa ndama wa mwaka jana na wa mwaka juzi, kadogo, kamewekwa karibu na banda ili mtu asitembee mbali, nyasi zimetafunwa mpaka pamebaki kama kichwa kilichopita wembe, ndama wamesimama humo manyoya yamewasimama, mikia imegandamana mavi, na mwenyewe anakuonyesha kwa fahari kabisa kwamba hapa ni pasafi, mkubwa hakanyagi.

Sasa tuelewane. Anayechafua hapo sio ng'ombe mkubwa, ni ndama mwenyewe. Ng'ombe mzima aliyeshachungwa misimu kadhaa mwili wake umeshapambana na minyoo, anayo lakini anaibana na mayai anayotoa ni machache. Ndama hana hiyo kinga, anaijenga polepole akiwa malishoni, kwa hiyo akiokota minyoo leo, baada ya kama wiki tatu imeshakomaa tumboni na inamwaga mayai kwa maelfu kwenye kinyesi. Pakiwa na joto na unyevu yai linaanguliwa humohumo kwenye mavi, na ndani ya wiki moja mpaka mbili mnyoo mchanga yuko tayari kuambukiza, mvua inamtoa kwenye mavi anapanda jani. Wala hapandi juu sana, wengi wanabaki kwenye zile sentimita 5 za chini. Haya, nani anayekula sentimita 5 za chini? Ndama uliyemfungia kwenye kipara!

Ukitaka kujua hali ya malisho angalia mafungu ya nyasi ndefu za kijani kilichokolea zinazoota kuzunguka mavi. Ndama mwenyewe hayataki, anayakwepa, anakula pembeni. Siku ukimkuta ameingiza mdomo kwenye hayo mafungu jua njaa imeshamzidi, na hapo ndo anajibebea minyoo kwa wingi.

Kuna mfugaji aliniita akalalamika kwamba dawa ya minyoo siku hizi ni feki, kawanywesha ndama watano kila mwezi na bado wanakonda. Nikamkamata mmoja, kufunua mdomo ufizi mweupe, chini ya taya kuna uvimbe ukibonyeza kidole kinaacha shimo kama kwenye unga uliokandwa. Nikauliza unapimaje dozi, akasema kwa macho, wote chupa moja kiasi kilekile, na katika hao watano kuna mmoja karibu mara mbili ya mwenzake. Na baada ya kuwanywesha anawapeleka wapi? Kiuwanjani kulekule. Dawa inaua minyoo iliyoko tumboni, haiui iliyoko kwenye nyasi, na nyingi ya hizi za kunywesha hazikai mwilini, kwa hiyo anameza dawa asubuhi na siku mbili tatu mbele ameshaanza kuokota upya. Kumpunja dozi ndo mbaya zaidi, unaua minyoo dhaifu unabaki na ile sugu. Nunua utepe wa kupimia kifua, zungushia nyuma ya miguu ya mbele, soma uzito, basi. Na kama una ndama mmoja wawili walionenepa, hawana dalili yoyote, usiwape dawa kwa sababu tu wenzao wamepewa, ile minyoo yao isiyoonja dawa inazaana na ile sugu, inasaidia usugu usitawale shamba zima.

Ninachowaambia watu mpaka wananikimbia ni hiki: ndama watangulie, wakubwa wafuate. Wengi mnafanya kinyume, ng'ombe wa maziwa anapewa kipande kipya, ndama anafuata makombo. Mtangulize ndama, ale ncha laini za juu, nyasi zikibaki urefu wa ngumi iliyosimamishwa chini mtoe, waingie wakubwa wamalizie za chini, wao hizo minyoo watazimeza na nyingi hazitafika popote. Shamba lililovunwa au sehemu iliyotoka kukatwa hei, hapo ndama kwanza. Na lile la "nimepumzisha wiki mbili" silitaki kulisikia, wiki mbili ndo muda ambao minyoo imeiva, unawarudisha mezani chakula kimepakuliwa! Jua kali na ukavu huiua mapema, lakini pakiwa na ubaridi na unyevunyevu inakaa miezi.

Mengine nayasema harakaharaka.

Tumbo kubwa sio kushiba. Ndama mwenye kitambi, mgongo unaonyesha mifupa, huyo amejazwa nyasi ngumu zisizo na protini, au ana minyoo, au vyote.

Eti umpe majani mengi mapema, maziwa upunguze, tumbo likue haraka. Ndama anapozaliwa tumbo la nne ndo kubwa, kama asilimia 60 ya matumbo yote, na rumeni, yaani tumbo la kwanza ambamo chakula kinachachuka, ni robo tu. Majani yanaitanua rumeni, sawa, lakini vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinakuzwa zaidi na nafaka ikichachuka humo. Kwa hiyo mpe chakula cha ndama chenye nafaka tangu wiki ya kwanza, kiganja kimoja kinatosha kuanzia, na usimwachishe maziwa mpaka ale kama kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo. Kumwachia nyasi peke yake kabla ya miezi sita ni kumdumaza.

Maziwa sio maji. Maziwa yanapita kwenye mfereji wake yanakwenda moja kwa moja tumbo la nne, rumeni inabaki kavu, na bila maji hiyo nafaka haichachuki. Weka ndoo ya maji safi tangu siku za mwanzo, malishoni pia.

Kuharisha damu sio lazima minyoo. Mara nyingi kwa ndama ni koksidia, vijidudu vya utumbo ambavyo sio minyoo, na dawa ya minyoo haiigusi kabisa, kwa hiyo usimalize chupa ya pili kabla ya kinyesi kupimwa.

Na umande. Mtu anamfungia ndama mpaka saa tano asubuhi kwa sababu umande unaua. Ni kweli unyevu unamsaidia mnyoo kupanda jani, lakini mnyoo ameletwa na mavi, na kama malisho ni machafu hata saa saba mchana atamkuta. Kama malisho ni mikunde michanga iliyolowa, hapo kweli subiri na umpe kwanza nyasi kavu, maana atavimbiwa na gesi. Kwenye nyasi za kawaida unamnyima zile saa za ubaridi anazokula vizuri, halafu unamtoa jua linawaka, anatafuta kivuli analala.