Sintesaiza inayoongea kama roboti: Yamaha FS1R na maana ya fomanti

Mtu akisikia sauti ya kiroboti kwenye wimbo siku hizi neno la kwanza ni "hiyo Auto-Tune", yaani ile programu ya kurekebisha noti za mwimbaji, na kwa nyimbo nyingi za sasa yuko sahihi. Ila kuna sauti za roboti ambazo Auto-Tune haihusiki nazo hata kidogo, na kati ya vyombo vinavyozitoa kuna kimoja ambacho watu wa studio wanakisaka mtumba mpaka leo, Yamaha FS1R ya mwaka 1998, sintesaiza, yaani chombo cha kutengeneza sauti za muziki kwa umeme, kiboksi chembamba cha kufunga kwenye raki (fremu ya kupangia vyombo vya studio), hakina vitufe vya kinanda, hakina maiki, lakini ukikipigia noti kinakujibu kwa maneno. Ili uelewe kwa nini watu wanakihangaikia hivyo inabidi kwanza uelewe fomanti ni nini, na hilo halihitaji chombo chochote, unalo koo na mdomo.

Shika noti moja, yoyote ile, uivute bila kuipandisha wala kuishusha, halafu kwenye pumzi hiyohiyo pitia a, e, i, o, u. Noti haijahama, nyuzi za koo zimetetemeka vilevile mwanzo mpaka mwisho, ila aliyekusikiliza amesikia irabu 5 tofauti kabisa. Kilichobadilika ni umbo la mdomo, ulimi umesogea mbele ukarudi nyuma, taya limeshuka kwenye a, midomo imekuwa duara kwenye u. Yaani mlio unaotoka kooni una masafa mengi kwa mpigo, yaani mitetemo ya kasi tofauti, ya chini na ya juu, na ule uwazi wa koo na mdomo unayakuza baadhi na kuyafifisha mengine, kama chupa ya soda ukiipuliza inavyotoa mlio kulingana na nafasi iliyobaki ndani. Zile sehemu zinazokuzwa ndizo fomanti.

Kwa mwanaume mtu mzima irabu i ina fomanti ya kwanza kwenye Hz 300 hivi (mitetemo 300 kwa sekunde) na ya pili iko juu huko, kama 2300. Irabu a ya kwanza inapanda mpaka 700 na kitu, ya pili inakaa karibu na 1200. Irabu u zote mbili ziko chini, 300 na 800 hivi. Ni makadirio, kila mtu na mdomo wake, ila sikio linatambua irabu kwa kusoma hizo mbili za kwanza kuliko kitu kingine chochote, zinazofuata juu zinasaidia zaidi kumtambua anayeongea ni nani.

Sasa nong'ona. Ukinong'ona nyuzi za koo hazitetemeki, noti haipo, lakini aliye karibu anaelewa kila neno. Nong'ona "iii" halafu "uuu" utasikia kama kuna kitu kimeshuka kutoka juu kwenda chini, na noti hakuna! Kilichoshuka ni fomanti ya pili, hapo umeisikia peke yake bila mlio wa koo kuifunika.

Jaribio la mwisho, weka vidole kooni useme zzzz, halafu ssss. Kwenye z koo linatetemeka, kwenye s limetulia, ni upepo tu unapita kwenye meno. Kwa hiyo maneno yote unayosema kwa siku yametengenezwa na malighafi mbili, mtetemo wa koo na upepo, kisha mdomo unazipa umbo. Ukiwa na mashine inayotoa mtetemo, inayotoa upepo, na inayoweza kusogeza fomanti haraka, tayari una mashine inayoongea.

Hili wazo ni la zamani kuliko sintesaiza. Homer Dudley wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu huko Marekani, alitengeneza mashine ya kuongea inaitwa Voder ambayo ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia New York mwaka 1939, mwendeshaji anakaa kama mpiga kinanda, kifundo cha mkono wake kinabonyeza ubao wa kuchagua mtetemo au upepo, vidole 10 vinakuza masafa huku na kule, mguu uko kwenye pedali ya kupandisha na kushusha noti. Hakuna rekodi ndani yake, kila silabi ilikuwa inapigwa pale pale kwa mkono, na kuifahamu vizuri kulichukua mafunzo marefu sana. Dudley huyohuyo ndiye wa vokoda, aliyoianzisha kwa ajili ya simu, kuipunguza sauti ya mtu ibaki taarifa chache zinazopita kwenye waya kwa urahisi, na wakati wa vita kuu ya pili teknolojia hiyo ikatumika kwenye mfumo wa SIGSALY, kuanzia 1943, kuficha mazungumzo ya viongozi kati ya Washington na London. Wanamuziki waliichukua baadaye sana, kundi la Kraftwerk la Ujerumani wakaifanya alama yao miaka ya 70, halafu zikaja za dukani kama Korg VC-10 ya 1978 na Roland VP-330 ya 1979, na hizo nazo leo ni mtumba wa bei mbaya.

Hapa ndipo watu wanachanganya, na mimi linaniuma kidogo kwa sababu tofauti ni rahisi ukiuliza swali moja tu, koo ni la nani na mdomo ni wa nani? Kwenye Auto-Tune, iliyotoka 1997, koo na mdomo vyote ni vyako, programu inachofanya ni kuisukuma noti yako ikae sehemu yake, ukiikaza sana noti inaruka ghafla bila kuteleza na ndiyo ule mkwaruzo wa kiroboti tunaousikia kwenye bongo fleva. Kwenye vokoda mdomo ni wako, unaongea kwenye maiki, lakini koo ni la kinanda, mashine inapima umbo la mdomo wako na kulivisha sauti ya sintesaiza. Tokboksi, ule mpira anaouweka mtu mdomoni, ule aliojulikana nao Roger Troutman wa kundi la Zapp, mdomo ni wako kabisa kimwili, sauti ya chombo inaingia kwa mpira nawe unaitafuna tu. FS1R peke yake kati ya hizi haihitaji koo la mtu wala mdomo wa mtu wakati unaipiga, vyote viwili imevitengeneza yenyewe kwa hesabu.

Inafanyaje? Inatoka ukoo wa FM, siyo ya redio, ni mbinu ya wimbi moja kulichezesha jingine haraka mpaka itoke sauti mpya, aliyoigundua John Chowning pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 60, Yamaha wakainunua leseni na mwaka 1983 wakatoa sintesaiza ya DX7 iliyouzika sana. DX7 ina opereta 6, yaani vyanzo vya mawimbi 6 vinavyochokozana kwa mpangilio. FS1R ina 16, ila zimegawanywa kwa akili sana, 8 za mtetemo na 8 za upepo, kila ya mtetemo ina pacha wake wa upepo, na ukirudi kwenye lile jaribio la z na s utaona waliotengeneza hii kitu walikuwa wanafikiria koo la binadamu. Mipangilio ya zile za mtetemo iko 88, DX7 ilikuwa na 32, na inaweza kupiga noti 32 kwa pamoja.

Utamu uko kwenye opereta yenyewe. Kwenye sintesaiza ya kawaida ukipanda noti kila kitu kinapanda, ndiyo maana ukirekodi sauti ya mtu ukaipandisha juu kwenye sampla (chombo cha kupiga sauti zilizorekodiwa) anageuka mtoto au panya, fomanti zake zimepanda pamoja na noti, ni kama kichwa chake kimepungua. Opereta ya FS1R unaweza kuiambia kaa kwenye Hz 700, upana wako huu, hata nikipiga noti gani usihame. Ukiweka nyingine kwenye 1200, tayari una "a", na ukicheza kutoka chini mpaka juu ya kinanda inabaki "a", mtu yuleyule mdomo uleule. Sogeza ya kwanza ishuke 300 na ya pili ipande 2300, a inayeyuka kuwa i masikioni mwako hukuhuku noti imesimama. Binafsi naona hapo ndipo penye raha yote, kuliko hata maneno.

Maneno yanakuja kwa kitu kinachoitwa Fseq, mfuatano wa fomanti. Sauti ya mtu imechambuliwa kwenye kompyuta vipande vidogovidogo, mpaka 512 kwa mfuatano mmoja, kila kipande kinasema fomanti ziko wapi na zina nguvu gani, za mtetemo na za upepo, pamoja na noti ya wakati huo. FS1R ina mifuatano yake iliyokuja nayo kiwandani, na ya kwako unaiandaa nje kwenye kompyuta unaituma kwa midi, ile njia ya vyombo vya muziki na kompyuta kupeana maelekezo, maana ndani hakuna pa kuchomeka maiki. Na kwa sababu kilichotunzwa ni maelekezo tu, sauti yenyewe haipo, unaweza ukaivuta sentensi iende polepole mno bila noti kushuka, ukaigandisha katikati ya silabi, ukairudisha kinyumenyume, au ukabonyeza noti 4 kwa mpigo zikaongea kwa pamoja.

Na uroboti wenyewe unatoka wapi? Tunapoongea noti haitulii hata sekunde, inapanda kwenye swali, inashuka mwisho wa sentensi, inatetemeka tukichoka. Fseq inakupa chaguo, noti ifuate ya mtu aliyerekodiwa au ifuate kitufe ulichobonyeza, ukichagua kitufe basi maneno yote yanatoka kwenye noti moja iliyonyooka kama rula, fomanti ni za binadamu ila koo limeganda. Sikio linapata vitu viwili visivyopatana, na ndiyo tunaita roboti.

Kwa nini imekuwa adimu sasa, sababu kubwa ni kwamba haikukaa sokoni muda mrefu na ilikuwa ngumu mno kuitumia, vigezo vingi kupindukia ndani ya kiboksi chenye skrini ndogo na vishikio 4 vya kuzungusha, wengi walipiga sauti za kiwandani tu wakaiuza. Miaka ikapita, watu wakaandika programu za kuihariri kwenye kompyuta, ndipo wengine wakagundua walichokiachia, bei ikaanza kupanda.

Ukibahatika kukutana nayo, angalia kwanza nyuma imeandikwa volti ngapi, maana nyingi za mtumba zinatoka Japani ambako umeme ni volti 100, ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya kwetu umeua chombo, tafuta transfoma inayofaa kabla ya kingine chochote. Skrini isomeke yote, vishikio vizungushwe vyote huku unaangalia namba hazirukiruki, uliza betri ya ndani inayotunza kumbukumbu imebadilishwa lini. Hakikisha una kinanda cha midi cha kuipigia. Kisha mwambie muuzaji aweke sauti yenye Fseq, ubonyeze noti moja ya chini na moja ya juu kabisa, ukisikia maneno ni yaleyale na mdomo ni uleule kote kuwili, na s zinatoka kali bila kukatika, lipa.