Maji meupe pe si lazima yawe salama

Watoto wengi wa visiwani hukua wakiambiwa kwamba maji ya kisima yakiwa meupe, baridi na hayana harufu, basi ni safi. Eti mwamba umeshayachuja. Kwa kisiwa cha matumbawe, sivyo.

Mwamba wa matumbawe umejaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi mpaka chini, kisha hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Njia hiyohiyo hupitisha uchafu wa choo cha shimo, na mwamba wenye nyufa hauchuji kama mchanga mwembamba unavyochuja. Tena bakteria 300 wa kipindupindu wakipangwa foleni hawavuki milimita 1. Jicho litaona nini hapo?

Darasani, mwalimu anaweza kuweka bilauri mbili za maji yaliyochemshwa, moja akaikorogea chumvi kijiko kimoja, halafu akawauliza watoto ipi ni ipi. Watatazama, watainusa, watabishana (na hapo ndipo somo linaponoga). Hadi mmoja aonje.

Kuchemsha mpaka maji yatokote dakika 1 huua vijidudu. Chumvi haitoki. Kisima kikianza kuwa na chumvi, mara nyingi ni kwa sababu maji yanatekwa kuliko mvua inavyorudisha, na bahari inapanda kutoka chini.