Jiji halina mikono?

Mwalimu wangu wa Kiingereza huku Eastlands, Nairobi, alikata kwa kalamu nyekundu kila nilipoandika "the city's streets". Jiji halina mikono ya kumiliki kitu, alisema. Alama ya 's ni ya watu na wanyama, vingine vyote ni "of". Nilimwamini miaka mingi. Lakini muuza magazeti wa Tom Mboya Street akikupa "today's paper", leo inamiliki nini? Alama hiyo huonyesha uhusiano, si umiliki pekee, kama ilivyo -a yetu katika "gazeti la leo". Ndiyo maana "a week's leave" na "Kenya's constitution" ni sahihi kabisa. Kwa meza, kweli, wengi hupendelea "the leg of the table". Hayo ni mazoea tu. "Of" hufaa hasa maelezo yakirefuka: "the roof of the house we rented in Umoja".